Mafuta ya Klachi Yalikokuwa Yakipotelea

Ilikuwa Jumamosi jioni, nikirudi kutoka Ujiji, na nilikuwa nimekwisha kuanza kupanda kuelekea Mwanga, hapa mjini Kigoma, nilipokanyaga klachi ili nishushe gia kutoka ya tatu hadi ya pili. Pedali ilishuka mpaka sakafuni bila ukinzani wowote, kama mguu uliokanyaga tope, na haikurudi. Niliinua kwa ncha ya kiatu, nikaikanyaga tena mara ya pili na ya tatu kwa haraka, na katika mkanyago wa nne nikapata nguvu kidogo iliyotosha kuitoa gia. Baada ya hapo hapakuwa na klachi kabisa. Nilizima injini, nikaingiza gia ya kwanza gari likiwa limesimama, nikapiga stata gia ikiwa imeingia vivyo hivyo, na gari likaondoka kwa kurukaruka. Nilifika nyumbani kwa gia hiyo hiyo, polepole, taa za tahadhari zikiwaka na bodaboda zikinipita pande zote mbili. Sipendekezi mtu aendeshe hivyo kila siku, kwa sababu stata huumia sana, lakini ni vizuri kila dereva ajue kwamba klachi ikifa njiani, gari bado linaweza kuondoka mahali penye hatari.

Gari lenyewe ni la kuunganisha mwenyewe, la aina ambayo Waingereza wamekuwa wakiuziana kwa miaka mingi. Mnunuzi hupokea fremu ya mabomba ya chuma, bodi ya faibaglasi, pedali, usukani na michoro, kisha hutafuta injini, gia boksi na ekseli kutoka kwenye gari la zamani. Langu lilifika Kigoma likiwa ndani ya makasha, mali ya mgeni aliyefanya kazi hapa na kuondoka kabla hajaligusa, nami niliyanunua makasha hayo baada ya kukaa misimu kadhaa ya mvua katika stoo iliyo karibu na ziwa. Injini niliyoweka ni 5K ya Toyota, yenye sentimita za ujazo 1,486, pamoja na gia boksi yake, vyote kutoka LiteAce ambayo bodi yake ilikuwa imeliwa na kutu. Kwa watu wa mji huu, chombo kuja kwa makasha si jambo geni. MV Liemba, meli ya hapa Ziwa Tanganyika, ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam katika makasha yapatayo 5,000, ikaletwa kwa reli, ikaunganishwa upya hapa hapa na kushushwa majini mwaka 1915. Nilipokuwa nikifungua makasha yangu nilikuwa nikiifikiria meli hiyo mara nyingi, na kama mtakavyoona, nimeifikiria tena katika kazi hii ya klachi.

Klachi ya mafuta hufanya kazi kwa sababu moja nyepesi: majimaji hayabonyei. Ukikanyaga pedali, pistoni ndogo ndani ya masta silinda, yaani silinda ya juu iliyofungwa kwenye pedali, husukuma mafuta kwenye paipu. Mafuta hayo husukuma pistoni ya silinda ya chini, ile ambayo mafundi wetu huiita slevu, iliyofungwa ubavuni mwa gia boksi. Slevu husukuma uma wa klachi, uma husukuma beringi, na beringi hubonyeza vidole vya presha pleti, bamba linaloibana diski ya klachi, mpaka diski iachie flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka na injini, na injini ikaachana na gia boksi. Kinachozuia mafuta yasipite kando ya pistoni ni raba yenye umbo la kikombe, ambayo mdomo wake hutanuliwa na presha yenyewe na kulala barabara kwenye ukuta wa silinda. Ndiyo maana raba iliyochoka huweza kushika vizuri ukikanyaga kwa nguvu, kisha ikavuja ukikanyaga polepole au gari likilala usiku kucha bila kuguswa. Tena mafuta yaliyomo katika mfumo mzima ni machache, hayajazi hata glasi moja ya chai, kwa hiyo vijiko vichache tu vikipotea hewa huingia, na hewa, tofauti na mafuta, hubonyea.

Dalili nilikuwa nimeziona mapema. Kwa majuma kadhaa gia ya rivasi ilikuwa ikisaga kabla ya kuingia, hasa asubuhi, na kila Jumapili nilikuta kikopo cha mafuta ya klachi kimepungua nikakijaza. Hapo nilikosea, kwa sababu mfumo wa klachi umefungwa na hautumii mafuta kama injini inavyotumia petroli. Kikopo kikipungua, mafuta yametoka mahali fulani, na kujaza bila kutafuta ni kuahirisha tu. Miezi michache kabla ya hapo nilikuwa nimelipeleka gari kwenye gereji moja ya hapa mjini. Fundi aliona slevu imelowa, akabadilisha raba yake, akanirudishia gari likiwa zima, na baada ya muda mfupi slevu ikalowa tena. Safari hii niliamua kuifanya kazi mwenyewe kuanzia juu hadi chini, bila haraka.

Nilianza kwa kuosha. Mafuta ya breki ya kawaida, yaani DOT 3 na DOT 4, ambayo ndiyo yanayotumika pia kwenye klachi, hutengenezwa kwa kemikali za jamii ya glikoli ambazo huchanganyika na maji, kwa hiyo maji mengi na sabuni huyaondoa vizuri kuliko petroli, na wakati huo huo huiokoa rangi ya gari, ambayo mafuta hayo huibabua yakiachwa juu yake. Niliosha masta silinda, sahani ya pedali, paipu yote, mpira unaoungana na slevu, na slevu yenyewe, nikaacha vikauke juani. Kisha nilipaka poda ya watoto kwenye kila kiungo, nikaweka gazeti jeupe chini, nikajaza kikopo hadi kwenye mstari, na nikamwomba mpwa wangu akanyage pedali mara hamsini, nusu kwa nguvu na nusu taratibu. Poda iliyolowa hubadilika rangi na kuonyesha mahali tone lilipoanzia, wakati ambapo macho matupu huona tu mahali lilipoangukia. Mafuta hutambaa juu ya paipu na fremu kwa umbali mkubwa kabla ya kudondoka.

Poda ilionyesha sehemu tatu. Kulikuwa na unyevu nyuma ya masta silinda, upande wa miguu ya dereva, ambako pia rangi ya sahani ya pedali ilikuwa imevimba na kubanduka. Kulikuwa na mduara mdogo wa unyevu mahali paipu ya chuma inapoingia kwenye mpira. Na kulikuwa na slevu, ambayo nilipofunua kikofia chake cha vumbi ilimwaga kiasi cha kijiko kizima kwenye gazeti. Mpwa wangu alichungulia, akasema, "Mjomba, basi yule fundi alikuwa sahihi, ni hii ya chini." Alikuwa sahihi kwa theluthi moja. Ukweli ni kwamba katika gari lililotoka kiwandani kuna mtu aliyekaa mezani akahakikisha kwamba silinda ya juu inalingana na ya chini, kwamba nati inalingana na tundu lake, na kwamba raba inalingana na mafuta. Katika gari la kuunganisha mwenyewe mtu huyo ni wewe, na mimi sikuwa nimeifanya kazi yake. Nilikuwa nimeunganisha nusu ya klachi ya Kiingereza na nusu ya klachi ya Kijapani, nikaona zinakutana, nikaridhika.

Niieleze slevu kwanza, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa rahisi. Nililiinua gari kwa jeki, nikaliweka juu ya stendi mbili imara, nikafungua bolti mbili za slevu na kuitoa. Raba iliyokuwa na miezi michache tu ilikuwa imevimba na kulegea, mdomo wake ukiwa laini kama muhogo uliolowekwa siku tatu. Raba za mfumo wa breki na klachi hutengenezwa ili zikae katika mafuta ya glikoli. Zikiguswa na petroli, dizeli, oili ya injini au grisi ya kawaida huvimba na kupoteza nguvu, na kiasi kidogo sana kinatosha kuziharibu. Ndani ya kikofia cha vumbi nilikuta grisi ya njano, ile ya beringi za matairi. Fundi aliipaka kwa nia njema, akidhani anaikinga pistoni dhidi ya kutu, na sina shaka kwamba alikuwa pia ameziosha sehemu zote kwa petroli kabla ya kuzifunga.

Hapa ndipo nilipoikumbuka tena Liemba. Wajerumani walipoizamisha wenyewe mwezi Julai 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, mafundi wake waliipaka mitambo grisi nzito kabla ya kuiacha iende chini, na meli ilipoinuliwa mwaka 1924 mitambo hiyo iliweza kufufuliwa, hata ikarudi kazini mwaka 1927 na kufanya kazi kwa miongo mingi baadaye. Watoto wa Kigoma tumekua tukisikia kwamba grisi iliiokoa meli, na fundi wa hapa huiamini grisi kuliko kitu chochote. Kwa chuma imani hiyo ni ya haki. Kwa raba ya klachi ni sumu. Anayetaka kulainisha raba wakati wa kuifunga achovye kidole katika mafuta safi ya breki na kupaka hayo tu. Kwa sababu hiyo hiyo nilimkatalia kwa heshima jirani aliyenishauri nijaze mawese kwenye kikopo mpaka nitakapopata pesa ya spea. Mawese huganda asubuhi yenye ubaridi, na raba hizi hazikutengenezwa kwa ajili yake.

Ukuta wa ndani wa slevu ulikuwa mzuri isipokuwa sehemu ya nje kabisa, karibu na kikofia, ambako kulikuwa na mkanda mwembamba wa kutu. Kwa kawaida raba haifiki pale. Alama za mikwaruzo zilionyesha kwamba kwenye gari langu ilikuwa ikifika, na sikuelewa sababu mpaka nilipoikagua masta.

Kabla ya masta, ile nati. Paipu iliyokuja kwenye makasha ilikuwa na nati zake mwishoni, nami nilipoifunga mara ya kwanza niliona nati inaingia vizuri kwenye mpira wa Toyota, inazunguka, inakaza, nikaona imetosha. Sasa nilipoifungua niliona nyuzi zake zimelika upande mmoja na zinang'aa. Niliichukua pamoja na mpira wake nikaenda kwa mzee mmoja ambaye ametengeneza magari hapa mjini tangu kabla sijazaliwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta nini leo?"

Nilimpa vile vipande viwili bila kusema neno. Aliingiza nati kwenye mpira kwa vidole, akaizungusha mara mbili, kisha badala ya kuendelea kuikaza akaitikisa kushoto na kulia. Ilicheza.

"Inaingia, lakini haishiki," alisema. "Hii ni ya inchi, hiyo ni ya milimita. Wamekutana njiani tu, hawajuani."

Nilipima kwa vanieri nikathibitisha. Nati ya Kiingereza ilikuwa ya inchi tatu kwa nane, yenye nyuzi 24 katika inchi moja, sawa na kipenyo cha milimita 9.5 na hatua ya milimita 1.06 kutoka uzi hadi uzi. Tundu la Toyota ni la milimita 10 na hatua ya milimita 1. Tofauti hiyo ni ndogo kiasi kwamba mkono hauisikii katika mizunguko ya mwanzo. Nati nyembamba huingia kwenye tundu pana, inashika kwa ncha tu za nyuzi, kisha hatua zinapoachana inakaza yenyewe, na anayefunga anadhani imefika mwisho kumbe haijaubana mdomo wa paipu hata kidogo. Kwenye klachi matokeo yake ni mvujo. Kwenye breki matokeo yake yangekuwa kifo, na nakiri kwamba siku hiyo hiyo nilifungua nati zote za breki, moja baada ya nyingine, mpaka saa nne za usiku, nikizipima. Zote zilikuwa sawa, kwa sababu mfumo wa breki nilikuwa nimeuchukua mzima kutoka Toyota. Yeyote mwenye gari lenye vipande vya nchi mbili nampa njia ya yule mzee: ingiza nati mizunguko miwili kwa vidole, itikise, na ikicheza usiiamini.

Paipu yenyewe niliitupa nikatengeneza mpya. Hapa mjini njia iliyozoeleka ni kutumia paipu ya shaba ya friji, kwa kuwa inapatikana na inapindika kwa mkono, lakini shaba tupu hukakamaa kwa mtikisiko wa muda mrefu na hatimaye hupasuka, hasa karibu na kiungo. Nilinunua paipu ya chuma ya breki ya milimita 4.75 pamoja na nati mbili za milimita 10, na yule mzee akanichanulia midomo kwa kifaa chake, ule mchanuo wa kukunja mara mbili ambao Toyota hutumia. Nilimsihi aniruhusu nifanye mmoja mwenyewe. Wa kwanza ulipasuka upande, wa pili ulikaa sawa.

Sasa masta silinda. Hii ilikuja na makasha, ikiwa imefungwa kwenye sahani ya pedali tangu Uingereza, na hewa yenye unyevu ya kando ya ziwa ilikuwa imeichezea kwa miaka. Niliitoa, nikaondoa ringi ya kuzuia kwa plaizi, nikaipigisha silinda taratibu kwenye ubao mpaka pistoni ikatoka. Ukuta wa ndani ulikuwa na vidonda vya kutu, vidogo kama tundu la sindano, vimekusanyika upande wa chini ambako maji hukaa. Hili ni jambo ambalo wengi hawalijui: mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, polepole, kupitia tundu la kupumulia la kifuniko na hata kupitia mpira. Unyevu huo hushusha joto la kuchemka, ambalo kwa DOT 3 mpya ni nyuzi joto 205 za Selsiasi au zaidi, na kwa DOT 3 iliyokwisha kunyonya maji laweza kushuka hadi 140. Lakini kwa klachi madhara makubwa zaidi ni kutu, na ndiyo maana inashauriwa mafuta yamwagwe na kubadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi hata kama hakuna kinachovuja.

Silinda yenye mikwaruzo hafifu husafishwa kwa msasa laini sana uliolowekwa mafuta ya breki. Silinda yenye vidonda haisafishiki, kwa sababu ukiviondoa vidonda umeipanua silinda, na raba haitaufikia ukuta. Raba mpya juu ya vidonda hukatika mdomo wake ndani ya majuma machache. Fundi mkereza vyuma alikuwa tayari kuichimba na kuivika ndani bomba jembamba la shaba ya njano lenye kipenyo kile kile cha mwanzo, na ninajua kazi yake ni nzuri. Nilisita kwa sababu moja tu. Silinda ile ilikuwa ya inchi 0.70, sawa na milimita 17.78, na raba zake hazipatikani Kigoma wala sehemu nyingine niliyouliza, ilhali masta ya klachi ya Toyota yenye kipenyo cha inchi tano kwa nane, yaani milimita 15.87, iko katika kila duka la spea. Sikutaka kuokoa silinda ambayo ingenilazimu kuagiza raba ng'ambo kila inapochoka.

Kubadilisha kipenyo, hata hivyo, hakufanywi kwa kukisia, na hapa nilikaa mezani na karatasi kama nilivyopaswa kufanya tangu mwanzo. Pedali yangu husafiri milimita 150 na mkono wake una uwiano wa tano kwa moja, kwa hiyo pistoni ya masta husafiri milimita 30. Slevu ya Toyota ina kipenyo cha milimita 20.64. Ukigawa eneo la pistoni ya juu kwa eneo la pistoni ya chini unapata sehemu ya mwendo inayofika chini. Kwa masta ya zamani, slevu ilikuwa ikisukumwa milimita 22 na zaidi. Kwa masta ya Toyota ingesukumwa milimita 17.7. Je, ni kiasi gani kinachohitajika? Nililiinua tairi moja la nyuma, nikaingiza gia ya nne injini ikiwa imezimwa, nikausukuma uma wa klachi kwa mtaimbo mfupi huku mpwa wangu akijaribu kulizungusha tairi hilo. Lilianza kuzunguka uma uliposogea milimita 11.

Kwa hiyo milimita 17.7 zilitosha na kubaki, na zile 22 zilikuwa nyingi kupita kiasi. Nilipoona namba hizo niliielewa ile mikwaruzo ya nje kwenye slevu. Masta kubwa ya Kiingereza ilikuwa ikiisukuma pistoni mbali kuliko Toyota walivyokusudia, raba ikifika kwenye mkanda wa kutu ulio chini ya kikofia, ikikwaruzwa kila nilipobadilisha gia. Hata kama fundi wa gereji asingepaka grisi, raba yake isingedumu. Na masta ndogo ina faida nyingine: kwa nguvu ile ile ya mguu hutoa presha kubwa zaidi, kwa hiyo pedali imekuwa nyepesi kwa karibu sehemu moja ya tano, jambo ambalo goti langu la kushoto limelishukuru katika milima ya mji huu.

Kuifunga masta mpya kulinichukua siku nzima, kwa kuwa matundu ya bolti zake hayakulingana na ya sahani ya pedali. Nilikata bamba la chuma la milimita 6, nikalitoboa matundu ya pande zote mbili, na bamba hilo limesaidia pia kuikaza sahani, ambayo awali ilikuwa ikipinda kidogo kila nilipokanyaga na kula sehemu ya mwendo. Kifimbo kinachosukuma pistoni ilibidi kifupishwe na kukatwa uzi upya. Hapa kuna jambo dogo lenye uzito mkubwa: kifimbo kisiibane pistoni pedali ikiwa juu. Lazima kuwe na uwazi wa kama milimita moja. Ndani ya masta kuna tundu dogo sana linalounganisha kikopo na silinda wakati pedali imeachiwa, ili mafuta yaliyotanuka kwa joto yapate pa kurudi. Pistoni ikibanwa mbele hata kidogo, tundu hilo huzibwa, presha hubaki ndani ya paipu, na klachi huanza kuteleza yenyewe injini ikipata moto, na mwenye gari ataishia kununua diski isiyokuwa na kosa.

Kutoa upepo, yaani kuondoa hewa iliyobaki ndani ya paipu na silinda, kulinishinda siku ya kwanza. Tulifanya kama inavyofanywa kila mahali: mpwa anakanyaga na kushikilia, mimi nafungua niple ya slevu, kile kitundu cha kutolea upepo, mafuta na povu vinatoka kwenye mpira mwembamba ndani ya chupa, nafunga, namwambia aachie. Tulirudia mara nyingi mno, povu likaisha, na bado pedali ilikuwa laini nusu ya mwendo wake. Nililala na swali hilo. Asubuhi niliitazama paipu niliyoipinda kwa uangalifu na fahari nikaona kwamba niliipandisha juu ya bomba la fremu kabla ya kuishusha kwenye gia boksi, hivyo katikati ya njia kulikuwa na nundu iliyo juu kuliko ncha zake zote mbili. Hewa hukaa juu. Mafuta machache yanayosukumwa kwa mkanyago mmoja hupita chini yake na kuiacha pale pale.

Niliipinda paipu upya ipite chini ya bomba la fremu, ipande mfululizo kutoka slevu hadi masta bila nundu, na pia ikae mbali zaidi na ekzosi, kwa maana kwenye gari dogo kama hili vitu vyote vimebanana na joto la ekzosi hufika kirahisi. Kisha nikabadili njia ya kutoa upepo. Nilichukua bomba la sindano la mililita 60, la aina inayotumiwa kwa mifugo, jipya na kavu, nikalijaza DOT 4 kutoka kwenye kopo lililofunguliwa siku hiyo, nikaliunganisha kwa mpira kwenye niple, nikasukuma mafuta kutoka chini kwenda juu, taratibu sana, mpwa wangu akikitazama kikopo.

"Mjomba, yanatoka mapovu," alisema. Kisha, "Makubwa." Kisha kimya kirefu. "Yamekwisha."

Nilifunga niple, nikapanda, nikakanyaga. Pedali ilisimama pale ilipopaswa kusimama, ngumu na yenye uhai, na rivasi ikaingia bila sauti yoyote. Niliongeza kizuizi cha bolti chini ya pedali ili isisafiri zaidi ya inavyohitajika, nikaosha tena kila mahali kwa maji na sabuni, nikapaka poda upya kwenye viungo vyote, na kupiga mstari kwenye kikopo kwa kalamu ya wino usiofutika.

Leo ni siku ya ishirini na moja. Nimekwenda Ujiji na kurudi mara sita, nimeshuka stesheni na kupanda Mwanga zaidi ya ninavyoweza kuhesabu, na asubuhi hii mafuta yako kwenye mstari ule ule. Poda chini ya masta ni kavu, kwenye nati ni kavu, na kikofia cha slevu nilipokifunua kilikuwa kikavu ndani. Kimebaki kipande kimoja cha bati cha kukinga paipu na joto la ekzosi. Nimekwisha kukikata, na Jumamosi nitakifunga.